Mtoto Sakafuni: Lini Umsaidie, Lini Umwache

Swali hili haliishi. Linatoka Kisenyi, linatoka Makindye, linatoka Ntinda na Kawempe, na mara nyingi anayeuliza ni mama wa mtoto wa kwanza: mwanangu ana miezi saba hajakaa sawasawa, wa jirani ana umri huohuo na tayari anasimama dede, nimfundishe au nimwache mpaka ajiweze? Akina baba nao wanauliza, ila wao huanzia dukani: kile kigari cha magurudumu cha kumfunzia mtoto kutembea, kile kinachoitwa woka, ninunue au nisinunue?

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba mzazi ana kazi kubwa, lakini si ile anayoidhani. Kazi yako ni kumpa mtoto mahali pa kujinyoosha, muda wa kutosha, na mtu wa kumwangalia. Kumfundisha kukaa au kusimama kwa mchezo hakuna ubaya, ila usitegemee kwamba kutamfanya awe na akili kuliko wenzake. Kumlazimisha, au kumkabidhi kwa chombo, kuna hasara. Na zipo dalili ambazo ukiziona hutakiwi kusubiri. Nimeziweka mwishoni, na kama una wasiwasi leo hii anzia huko.

Jambo hili lilipimwa Mulago

Wengi hawajui kwamba swali hili liliwahi kuushughulisha ulimwengu wa kitabibu, na kwamba lilianzia Kampala. Miaka ya 1950 daktari Mfaransa Marcelle Geber, pamoja na R. F. A. Dean aliyekuwa akiongoza utafiti wa utapiamlo wa watoto pale hospitali ya Mulago, aliwapima watoto wachanga wa Kampala. Mwaka 1957 wakatangaza kwamba watoto hao walikuwa wamewatangulia wenzao wa Ulaya katika kuinua kichwa, kukaa na kusimama. Wapo waliosema ni damu, wapo waliovikosoa vipimo vyenyewe. Lakini Geber aliona pia kwamba watoto wachache wa Kampala waliolelewa kwa mtindo wa Kizungu, wakilazwa kitandani muda mrefu, hawakuwa na utangulizi huo.

Baadaye watafiti Janet na Philip Kilbride wakaishi na familia za Waganda, wakaandika jambo ambalo jjajja (bibi) yeyote angewaeleza: mtoto wa Kiganda hufundishwa kukaa. Hupakatwa wima, na akifika miezi mitatu au minne huwekwa mkekani akiwa amezungushiwa nguo kiunoni asianguke. Mtoto anayekaa anawaona watu, anatabasamu, anasalimiwa. Kisha mwaka 1976 mtafiti Charles Super akachapisha uchunguzi wake kati ya Wakipsigis wa Kenya. Watoto wao walitangulia katika kukaa na kutembea, mambo ambayo mama zao huwafundisha kwa makusudi. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakutangulia.

Kwa mzazi wa leo, hapo pana mambo mawili ya kushika:

- Mazoezi huharakisha kile kinachofanyiwa mazoezi, basi. Ukimkalisha, atakaa mapema kidogo. Hatasema mapema wala hatafaulu mitihani kwa sababu hiyo.
- Utangulizi huo haudumu. Geber mwenyewe aliona ukipungua watoto walipokua, hasa walipoachishwa ziwa ghafla na kutenganishwa na mama. Chakula na mapenzi vilikuwa na uzito kuliko mwezi mmoja wa kutangulia kukaa.

Umri wa kawaida ni mpana kuliko unavyodhani

Kabla hujamlinganisha mwanao na wa jirani, tazama namba hizi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa muda ambamo watoto wazima hufikia kila hatua:

- Kukaa bila kushikwa: miezi 3.8 hadi 9.2
- Kusimama kwa kushikilia kitu: miezi 4.8 hadi 11.4
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5
- Kutembea kwa kushikilia: miezi 5.9 hadi 13.7
- Kusimama peke yake: miezi 6.9 hadi 16.9
- Kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6

Mstari wa mwisho urudie mara mbili. Mmoja anatembea kabla ya miezi tisa, mwingine anakaribia mwaka na nusu, na wote wawili ni wazima. Wa jirani anayesimama dede na wa kwako anayeyumba mkekani wanaweza wote kuwa ndani ya muda wao.

Kutambaa kunawatia watu hofu kuliko yote. Katika watoto hao wa Shirika la Afya, asilimia 4.3 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wako wanaosota kwa makalio, wako wanaojiburuta kwa tumbo, wako wanaoinuka moja kwa moja na kushika kiti. Anayesonga kwa namna yake, akitumia pande zote mbili za mwili, hana kosa.

Kama mtoto wako ni njiti, hesabu ni nyingine. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akifika miezi minane mpime kama wa miezi sita. Akina mama wa watoto njiti wanaumia sana moyo kwa sababu hakuna aliyewaambia jambo hili dogo wakati wa kuruhusiwa kutoka hospitali. Uendelee kupunguza hivyo mpaka afike miaka miwili.

Woka: usinunue

Nasema wazi, kwa sababu najua vinauzwa Kikuubo na vilivyotumika vinapatikana Owino, na najua mjomba au shangazi atakuja nacho kama zawadi ya heshima.

Mtoto aliye ndani ya woka anasukuma kwa ncha za vidole akiwa amening'inia. Hajifunzi kusawazisha mwili, kwa kuwa chombo ndicho kinachomzuia asianguke. Hajifunzi kuinama, kuinuka wala kuanguka kwa usalama. Hakimharakishi kutembea, na wapo wanaochelewa. Hatari kubwa zaidi ni mwendo wake: kwa sekunde chache mtoto amefika penye sigiri, penye beseni la maji ya moto, kwenye ngazi au kwenye mtaro mlangoni. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004, na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimekuwa kikidai marufuku kama hiyo kwao.

Utaniambia: "Lakini mimi namwangalia." Ajali nyingi za woka hutokea mtu mzima akiwa palepale, ila hamfikii kwa wakati. Ukiwa tayari unacho, ng'oa magurudumu au kitupe. Usimpe mwingine.

Mpe sakafu

Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako zote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Unasema mtoto ambaye hajaanza kusonga mwenyewe awekwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku zilizogawanywa, na asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo. Muda wa runinga na simu kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni sifuri.

Namna ya kuanza:

1. Wiki za mwanzo, jilaze wewe mwenyewe ukiwa umeegemea, umweke mtoto kifudifudi kifuani pako. Ataguna, atainua pua, atachoka. Dakika mbili zinatosha. Rudia kila unapombadilisha nepi.
2. Akizoea, hamia mkekani. Kunja kitenge ukiweke chini ya kifua chake, mikono itangulie mbele. Lala naye uso kwa uso. Uso wako unamvuta kuliko kidude chochote cha dukani.
3. Kuanzia miezi mitatu au minne, weka kitu anachokipenda karibu ya mkono, kisha kisogeze kidogo. Kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, chupa tupu iliyofungwa kizibo barabara. Kisiwe mbali hata akakata tamaa.
4. Akianza kukaa, weka vitu ubavuni na nyuma yake kidogo ili alazimike kujipinda. Kujipinda huko ndiko kunakomfundisha kutoka kwenye kukaa kwenda kutambaa.
5. Akitaka kuinuka, mwekee kigoda kizito au ukingo wa kitanda. Asishike meza yenye kitambaa kinachoning'inia.

Akilia kifudifudi usimwache alie hadi achoke, na usiache zoezi kwa siku nzima. Mgeuze, mpakate, jaribu tena baada ya saa moja. Asiwekwe kifudifudi akiwa ametoka kunyonya. Na jambo moja lisichanganywe na lingine: kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho mbele ya mtu mzima. Wakati wa kulala, usiku na mchana, mlaze chali.

"Sakafu ni baridi, atapata nimonia." Hofu hii naisikia kila msimu wa mvua. Nimonia huletwa na vijidudu, na moshi wa mkaa ndani ya nyumba huiongezea nguvu. Baridi ya sementi unaimaliza kwa mkeka na blanketi lililokunjwa. Ukitaka kumlinda mapafu, toa sigiri nje.

"Sisi tunaishi chumba kimoja." Ndivyo wanavyoishi wengi Kampala, kwenye ile mizigo, yaani vyumba vya kupanga, ambako kitanda, kochi na vyombo vyote viko mahali pamoja. Huhitaji ukumbi. Eneo la mkeka mmoja linatosha, mradi uchague saa ambayo hampiki. Kabla hujamweka chini, piga magoti utazame chumba kutoka kimo chake. Utaona waya wa umeme, punje za maharagwe, sarafu, betri ya rimoti, chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Ondoa hivyo kwanza. Chupa ya chai na maji ya moto viwekwe juu, mbali na ukingo. Ndoo yenye maji, hata kidogo, isiachwe wazi.

Na kaa naye. Mtafiti Mary Ainsworth, aliyetembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona jinsi mtoto anayetambaa anavyokwenda mbali kidogo, akageuka kumtazama mama, akaendelea. Mama akiondoka, udadisi unakoma. Kwa hiyo kumwacha sakafuni peke yake na wewe uko uani unafua si kumpa uhuru. Atalia tu, nawe utasema hapendi sakafu.

Mgongoni, sokoni na kwenye boksi

Akina mama wa Nakawa, Owino na Kalerwe wananiuliza kama kumbeba mtoto mgongoni kunamletea matege. La. Kubebwa kwa mbeleko, miguu ikiwa imekizunguka kiuno chako na magoti yake yakiwa juu kidogo ya makalio, ni mkao mzuri kwa nyonga. Kinachoumiza nyonga ni kumfunga mtoto mchanga kwa shuka akiwa amenyooshwa miguu kama fimbo. Japani ilianzisha kampeni ya kuacha ufungaji wa namna hiyo mwaka 1975, na kuteguka kwa nyonga za watoto kukapungua sana. Matege madogo ya miguu yote miwili ni ya kawaida hadi karibu miaka miwili. Yakizidi, au yakiwa mguu mmoja, au vifundo vya mikono vikinenepa, mwone daktari, maana inaweza kuwa upungufu wa vitamini D. Watoto wanaofungiwa ndani mchana kutwa na msichana wa kazi wako kwenye hatari hiyo.

Shida ya mgongoni ni muda. Mfanyabiashara anayefika sokoni alfajiri na kurudi jioni anaweza kumfunga mtoto saa nyingi bila kugundua. Ushauri wangu kwako, mama wa sokoni:

- Kila baada ya saa moja hivi, mfungue. Mnyonyeshe, mnyooshe, mweke kifudifudi juu ya mapaja yako dakika tano.
- Boksi la katoni chini ya meza linafaa kuliko wengi wanavyodhani, likiwa pana, limekatwa upande mmoja ili hewa iingie na umwone, bila mfuko wa plastiki ndani. Mtoto aliyeanza kuinuka amelipita, litaanguka naye.
- Zungumza na mwenzako wa meza ya pili mpokezane. Hii ni kazi, na inastahili kupangwa kama mnavyopanga zamu za maji.

Kumfundisha kukaa na kutembea

Sasa wewe unayetaka kumfundisha, kama bibi zako walivyofanya. Fanya, lakini kwa masharti.

Usimkalishe kabla hajaweza kushika shingo. Akishika, mpakate wima, kisha mweke kati ya mapaja yako ukiwa umekaa sakafuni, mikono yako mbavuni mwake, halafu kiunoni, halafu pembeni tu. Nguo au mto wa kumzunguka unafaa, hata beseni kubwa lililotandikwa blanketi, kwa dakika chache ukiwa hapo. Mgongo ukijikunja na kichwa kuanguka mbele, amechoka, mlaze. Mtoto wa miezi mitano anayeachwa amekaa katikati ya mito kwa saa nzima anapoteza nafasi ya kugeuka, kujisukuma na kutambaa, na hilo ndilo kosa la kawaida zaidi kwa wazazi wenye bidii.

"Hatavunjika mgongo?" Hapana. Mgongo wa mtoto mwenye afya haupindi kwa kukalishwa dakika chache. Ila hakuna zawadi kwa aliyekalishwa zaidi.

Kutembea, fuata haya:

- Mshike kiunoni au kifuani kwa chini. Ukimvuta kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa, uzito wote uko kwako na yeye anatembelea vidole.
- Kamwe usimnyanyue kwa kumvuta mkono mmoja. Kiwiko cha mtoto hutoka kirahisi. Dalili yake ni mkono unaoning'inia bila kutumika. Nenda hospitali siku hiyohiyo.
- Ndani ya nyumba, miguu peku. Nyayo zinahitaji kuhisi sakafu. Viatu ni vya nje, kwa ajili ya vigae na funza, na viwe laini.
- Kitu cha kusukuma kinafaa kuliko woka: kigoda cha plastiki kilichogeuzwa, au dumu la njano lenye maji kidogo lisiteleze upesi.
- Mwache aanguke. Kuanguka kwa makalio mkekani ni sehemu ya kujifunza. Ukimdaka kila mara hatajua kuketi chini mwenyewe.

Ushauri wa kuukataa kwa adabu

Jjajja hatutamgombeza, ndiye aliyetulea. Lakini baadhi ya yanayosemwa lazima yakataliwe.

Kumchanja chale magotini ili asimame kunaleta vidonda na maambukizi, wala hakugusi chanzo. Kumfukia mtoto mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu kunamtisha, na kama ana ugonjwa wa ubongo kunapoteza miezi ambayo angekuwa anatibiwa. Ekyogero ni maji ya mitishamba ya kuogea. Mwogeshe ukitaka, yasiingie kinywani, na usitarajie yamtembeze. Kumkanda kwa mafuta ni kuzuri kama mkono ni mwepesi na mtoto anafurahi. Kumnyoosha viungo mpaka vilie, kumning'iniza kichwa chini au kumrusha juu, hapana.

Msichana wa kazi naye asisahauliwe katika lawama na katika mafunzo. Yeye ndiye anayekaa na mtoto saa kumi kwa siku, na mara nyingi anamweka kitini mbele ya runinga kwa sababu ameachiwa pia kufua, kupika na kudeki. Mwonyeshe mkeka, mwonyeshe namna ya kumshika, kisha umpunguzie kazi nyingine. Bila hilo la mwisho, maelekezo yako ni maneno matupu.

Baba, jioni ukirudi, dakika kumi na tano sakafuni pamoja naye. Hilo halihitaji ujuzi wowote.

Chakula na magonjwa

Nitapita haraka, lakini usiliruke. Mtoto mwenye upungufu wa damu au utapiamlo hana nguvu za kucheza, na hakuna zoezi litakaloziba pengo hilo. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Baadaye ongeza vyakula vya kumpa damu na nguvu, kama mayai, maharagwe, mukene (dagaa) uliosagwa, mboga za majani, wala si uji mtupu. Mtoto aliyekonda au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya mara moja. Mulago kuna kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kwa ajili hiyo. Chandarua kila usiku. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta karibu watoto 3 kati ya 1,000 wana mtindio wa ubongo, na kwa robo hivi tatizo lilitokana na yaliyowapata baada ya siku za uchanga, malaria kali ikiwa miongoni mwake. Homa ya mtoto na degedege havisubiri asubuhi.

Chanjo zote za ratiba, zikiwemo za wiki 6, 10 na 14 na ile ya miezi 9, zikamilike. Polio haijawa hadithi: mwanzoni mwa 2022 matone yalipelekwa nyumba kwa nyumba Uganda nzima baada ya virusi kuonekana kwenye maji taka ya Kampala. Kila ziara ya chanjo itumie kumwuliza mhudumu kuhusu mwendo wa mtoto, maana asipoulizwa, kwenye foleni ile ndefu, hatasema.

Hapa usisubiri

Mpeleke mtoto akapimwe ukiona lolote kati ya haya:

- Amefika miezi minne na hawezi kushika shingo
- Mwili umelegea kama nguo, au umekakamaa, au miguu inapishana kama mkasi anaposimamishwa
- Ngumi zimefumba muda wote baada ya miezi minne
- Anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, au anaburuta upande mmoja
- Miezi tisa imepita hakai bila kushikwa
- Miezi 18 imefika hatembei
- Nyayo zimepinda kwa ndani tangu kuzaliwa
- Kichwa kinakua haraka, utosi umevimba, macho yanatazama chini
- Alikuwa anaweza jambo, sasa haliwezi tena
- Mguu au mkono umelegea ghafla, hasa baada ya homa. Hili ni la siku hiyohiyo

Kama mtoto wako hakulia alipozaliwa, alipata manjano makali, au alipatwa na degedege katika siku za mwanzo, usingoje dalili. Omba afuatiliwe tangu mwezi wa kwanza.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Mulago wapo wataalamu wa watoto na wa mazoezi ya viungo. CoRSU kule Kisubi, barabara ya Entebbe, na Katalemwa Cheshire Home upande wa barabara ya Gayaza wanahudumia watoto wenye ulemavu. Kwa vichwa vikubwa, hospitali ya CURE iliyoko Mbale inajulikana Afrika nzima. Nyayo zilizopinda zinanyooshwa kwa mbinu ya Ponseti: plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu vyenye kipande cha chuma kati yake kwa miaka michache. Inafanikiwa zaidi ikianza wiki za mwanzo za maisha. Uganda imeitumia kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado kuna watoto wanaofika shule wakitembelea ubavu wa mguu kwa sababu mtu aliwaambia wazazi kwamba itajinyoosha yenyewe, au kwamba ni laana.

Mtindio wa ubongo hautibiki ukaisha, lakini mtoto anayeanza mazoezi mapema, na mama anayefundishwa namna ya kumlisha, kumbeba na kumkalisha, wanaishi maisha tofauti kabisa na waliofichwa ndani. Usimfiche.

Kama mtoto wako yumo kwenye orodha hiyo, chukua kadi yake uende kesho asubuhi, au leo hii kama ni kulegea kwa ghafla, usingoje tarehe ya chanjo. Na ukiambiwa "subiri, atatembea tu" na mtu ambaye hakumvua nguo mtoto akamtazama anavyosogea, nenda kituo kingine.